Jani Litanguliapo Mvua: Starehe za Nyumbani katika Uwanda wa Makonde na Kalamu za Waandishi

Furaha ziandikwazo na washairi na wasimulizi ni za namna mbili. Ya kwanza ni furaha ya mambo makubwa: harusi, ushindi wa vita, kurudi kwa msafiri aliyedhaniwa kuwa amekwisha kufa. Furaha hiyo haikukosa waandishi. Tenzi zimeisifu na ngano zimeihifadhi. Ya pili ni furaha ya mambo madogo, ambayo hayana siku yao maalumu wala hayapigiwi ngoma: kikombe cha chai kibarazani, harufu ya korosho zinazochomwa uani, jamvi lililotandikwa kivulini mchana wa jua kali. Furaha hii ndiyo ijazayo sehemu kubwa ya maisha ya mtu, lakini katika maandishi ya Kiswahili imepata nafasi haba. Yafaa kuulizwa sababu, na mahali pazuri pa kuliulizia swali hilo ni bonde la Lukuledi na uwanda wa Makonde, kutoka Masasi hadi Newala, katika miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, miti itoapo majani mapya.

Ugumu wa kwanza ni jina la majira yenyewe. Wanafunzi wengi walikutana na majira ya machipuko kwa mara ya kwanza katika mashairi ya Kiingereza. Huko theluji huyeyuka, maji hutiririka, ndege hurudi, ndipo maua huchanua. Mwanafunzi akiyapenda mashairi hayo, naye akashika kalamu kuandika juu ya kwao, hutokea mara nyingi kwamba huazima majira pamoja na maneno. Huandika masika kana kwamba ni wakati wa maua baada ya baridi, ilhali masika ni wakati wa mvua na matope, na mtu wa masika ana jembe mkononi. Kosa hili si la msamiati tu. Mwandishi aliyeazima majira ya wengine hawezi kuiona nyumba yake mwenyewe, kwa maana ameifungulia dirisha linalotazama bustani ya mtu mwingine.

Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 walikabiliwa na shida hiyo hiyo katika Wimbo Ulio Bora, pale mpenzi anapoitwa atoke nje kwa kuwa baridi na mvua zimepita na maua yameonekana. Hawakuileta baridi ya Palestina kama ilivyo. Walitumia jina la upepo, kaskazi. Mkosoaji aweza kusema kuwa wamepoteza maana, kwani kaskazi ya pwani huvuma tangu Desemba hata Machi, nayo ni upepo wa joto. Lakini yapo mafunzo katika uamuzi wao. Waliona kwamba katika lugha hii majira hujulikana kwanza kwa upepo na mvua, wala si kwa maua. Anayetaka kuandika juu ya machipuko kwa Kiswahili hana budi kuanzia hapo.

Basi machipuko ya Lukuledi ni yapi? Mto Lukuledi hupita kaskazini ya uwanda wa Makonde, ukaingia baharini Lindi. Katika nchi hiyo mvua hunyesha msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Mgawanyo wa masika na vuli, uliozoeleka Unguja na Mrima wa kaskazini, hauendi sawa huko. Baada ya mvua hufuata kusi na miezi ya baridi kidogo. Kisha joto hurudi na ardhi hukauka kabisa. Ndipo litokeapo jambo ambalo mashairi ya Ulaya hayawezi kulieleza: miombo huchipua kabla ya mvua. Mwezi wa Septemba na Oktoba, nchi ikiwa kavu na nyasi zimekwisha kuungua, miti hutoa majani mekundu kama shaba, ambayo baadaye hugeuka kuwa ya kijani. Mti huchipua kwa maji uliyoyaweka na kwa yale ambayo mizizi yake imeyafuata chini sana. Jani huitangulia mvua, haliisubiri.

Jambo hili ndilo ufunguo wa starehe za nyumbani katika majira hayo. Si starehe za wingi. Ni starehe za akiba na za matumaini. Mavuno ya nafaka yamekwisha kuwekwa. Mabunzi ya mbegu yananing'inia juu ya mafiga yakifukizwa moshi ili wadudu wasiyaharibu. Mashamba mapya yanafyekwa na kuchomwa, lakini hakuna cha kupanda mpaka mbingu zifunguke. Mikorosho iliyotoa maua wakati wa baridi sasa inaangusha mabibo. Watoto huyaokota asubuhi, hung'oa korosho na kuziweka kando kwa ajili ya kuuzwa, kisha huyafyonza mabibo mpaka nguo zikaingia madoa yasiyotoka. Mengine hukaushwa yakawa kochoko. Mengine hukamuliwa yakawa uraka, kinywaji cha wazee wa jioni. Mbaazi zimekomaa, na chungu chake huchemka polepole tangu adhuhuri. Ming'oko huchimbwa porini, ikachemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili, wala hapana mgeni wa kusini aliyewahi kuionja kisha akaisahau. Jua lipungukapo, jamvi hutolewa nje, bao huletwa chini ya mwembe ambao maembe yake bado ni mabichi, na watu hukaa wakitazama mawingu ambayo hayajawa mvua.

Mambo haya yamekutana na kalamu mara ngapi, na kalamu hizo zimeyafanyia nini? Mfano wa kwanza ni wa mgeni. Karl Weule, mtaalamu wa nyumba ya makumbusho ya Leipzig, alipanda bonde la Lukuledi kutoka Lindi mwezi wa Julai 1906, akafika Masasi, akakaa Chingulungulu, kisha akapanda uwandani na kukaa Newala na Mahuta mpaka mwezi wa Novemba. Kitabu chake, Negerleben in Ostafrika, kilitoka mwaka 1908. Kwa bahati, miezi yake ya uwandani ndiyo miezi yenyewe ya machipuko. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha zinazokwenda. Aliandika juu ya nyumba, milango, vyungu, michezo ya watoto na ngoma, tena kwa uangalifu ambao hauna budi kusifiwa. Mahali anapoeleza jinsi mwanamke anavyofinyanga mtungi, hatua kwa hatua, bila gurudumu, kwa mikono na vifaa vichache, ni mahali ambapo msomaji wa leo aweza kujifunza kazi ambayo katika nyumba nyingi imekwisha kusahauliwa.

Hata hivyo kitabu hicho kina upungufu mkubwa, nao hautokani na kukosa macho. Watokana na shabaha yake. Weule alikuja kukusanya. Kitu kilichoingia katika daftari lake kilikuwa tayari kimeanza safari ya kwenda Leipzig. Maelezo ya mtungi yana uzito mpaka mtungi umechomwa; toka hapo mtungi hugeuka kuwa kielelezo, ilhali kwa mwenyewe ndipo maisha yake yaanzapo, kwenye kona yenye giza, umefunikwa kwa kata, maji yake yakipoa usiku kucha. Tena, nchi aliyoipita ilikuwa imetoka vitani juzi. Vita vya Maji Maji vilianza mwaka 1905, na mwaka huo huo kituo cha misheni cha Masasi kilichomwa moto. Mtu aliyekaa kwa utulivu mbele ya nyumba yake mwaka 1906 alikuwa na sababu za kuuthamini utulivu huo ambazo mgeni aliyefika chini ya ulinzi wa serikali ya Kijerumani asingeambiwa kwa wepesi. Weule alikiona kiti na mkao. Thamani ya kukaa haikuonekana.

Kitabu hicho kinayo, hata hivyo, hazina moja ambayo ni ya wenyeji na wala si ya mkusanyaji. Ni hadithi ya asili ya Wamakonde. Yasimuliwa kwamba palikuwa na mtu aliyeishi peke yake porini, hakuoga wala kunyoa nywele. Akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaisimamisha penye makao yake. Usiku ukapita, na asubuhi sanamu ilikuwa mwanamke. Wakaoana, wakateremka mtoni Ruvuma, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahama, wa pili naye hakuishi. Wakapanda uwandani, na Mahuta wakapata mtoto wa tatu, akaishi. Tangu hapo wazao wao wakausiwa wakae juu, mbali na maji makubwa, kwa maana bondeni kuna maradhi na mauti.

Wataalamu huitumia hadithi hii kueleza kwa nini Wamakonde huchonga, au kwa nini wanakaa mahali pasipo mito. Lakini ikisomwa kama kazi ya fasihi, ni hadithi ya nyumba. Yule mtu wa kwanza hakukosa chakula. Alikosa mwenzi wa kuota naye jua. Baada ya kumpata, swali la maisha yao likawa ni wapi mtoto ataweza kuishi. Jibu walilolipata lina gharama, na hadithi haifichi gharama hiyo: uhai uko juu, maji yako chini. Watu hawa walichagua uhai, na tangu siku hiyo kila tone la maji lililonywewa uwandani limepandishwa mlima. Hapa, katika hadithi fupi isiyo na maua hata moja, imo kweli yote ya starehe za uwanda wa Makonde.

Mfano wa pili ni wa mwenyeji wa lugha, na ndiye mkubwa wa wote. Shaaban Robert aliipenda insha. Kielezo cha Insha kilitoka mwaka 1954, na vizazi vya wanafunzi vimejifunza kwacho jinsi ya kupanga fikira. Katika Utubora Mkulima, kilichotolewa mwaka 1968, miaka 6 baada ya kifo chake, shujaa huacha kazi ya mshahara ya mjini akaenda shamba, Busutamu, kuishi kwa jembe lake katika makao ya kiasi. Hakuna kitabu cha Kiswahili cha kizazi chake kilichoyatetea maisha madogo ya nyumbani kwa ushujaa kama hiki. Wakati ambapo vijana wengi walikuwa wakikimbilia kazi za afisi, mwandishi alithubutu kusema kwamba mtu aweza kuwa mkubwa katika shamba dogo.

Lakini utetezi ni jambo moja, na maelezo ni jambo jingine. Starehe ya Utubora daima ina hoja nyuma yake. Jina lake lenyewe ni fundisho. Akipumzika, pumziko lake lathibitisha jambo. Akifurahi, furaha yake yamjibu mpinzani. Msomaji aondokapo amesadiki kwamba shamba ni bora kuliko afisi, walakini hakika hiyo imemjia kwa njia ya akili kuliko kwa njia ya pua na ulimi. Si haki kumlaumu Shaaban Robert kwa kuandika alivyoandika, maana mwandishi wa maadili hutimiza ahadi ya maadili, na wakati wake ulikuwa na haja nayo. Lawama, kama ipo, ni ya wale waliomfuata. Walirithi hoja bila kurithi joto la moyo wake, na katika insha zao nyingi starehe ya nyumbani hukubaliwa kuingia kwa sharti la kuwa na mafunzo mkononi, kama mgeni asiyeruhusiwa kupita mlangoni bila zawadi.

Kwa hiyo yapo makosa matatu ambayo huizuia starehe ndogo isiandikwe sawasawa: kuiazima, kuikusanya, na kuihubiri. Lakini liko la nne, nalo ni zito kuliko hayo. Ni kuificha kazi iliyoizaa.

Septemba hata Novemba ni miezi ya majani mapya. Ni miezi ya kiu kubwa vilevile. Mchanga wa uwanda wa Makonde huyameza maji ya mvua, na chemchemi hutokea chini, kwenye mabonde na pembezoni mwa uwanda. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka alfajiri na mitungi mitupu, wakapanda jua likiwa kali na mitungi iliyojaa vichwani. Katika miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa kusukuma maji kwa mashine kutoka bondeni, na mabomba yakapunguza safari hizo. Lakini mashine huharibika, na ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 leo kama ingalivyokuwa zamani. Sasa na yatazamwe upya yale yaliyoelezwa juu. Kikombe cha chai kibarazani ni maji. Chungu cha mbaazi kinachochemka tangu adhuhuri ni maji. Ming'oko haichemki kwa matumaini. Mzee anayekoga jioni kwa maji ya uvuguvugu, kisha akavaa shuka safi na kukaa mbele ya bao, amestarehe juu ya shingo ya mtu.

Mwandishi anayeisifu jioni hiyo bila kuitaja shingo hiyo hajasema uongo, ila amesema nusu. Na nusu iliyobaki si ya huzuni tu. Hapo ndipo wengi wa wenye nia njema wapoteapo, kwani wakiisha kuiona kazi ya mwanamke, huiondoa furaha yake wakabakiza mzigo. Kwa yakini mwenye mtungi anayo starehe yake, tena aijua kuliko wote. Ni ile dakika ya kuutua mtungi, kunyosha mgongo, na kunywa kata ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani. Hakuna ua la machipuko lililo sawa na dakika hiyo.

Sanaa ya mdomo imelijua jambo hili siku nyingi. Wimbo wa kutwanga ni mfano ulio wazi. Mapigo yake ni mapigo ya mchi. Ukiuondoa mchi, wimbo huyumba. Ndani yake mtwangaji aweza kumsengenya wifi, kumkumbuka mama yake, kumcheka mume aliyechelewa kurudi kutoka penye uraka, na kujisifu kwa unga wake mweupe. Kazi na raha hazikutengwa, wala moja haikufanywa kuwa malipo ya nyingine. Mwandishi wa insha ana kalamu badala ya mchi. Walakini aweza kujifunza kutoka kwa wimbo huo kwamba furaha huaminika zaidi inapoandikwa pamoja na pumzi iliyoigharimu.

Huenda ikasemwa kwamba mambo haya ni madogo mno kwa fasihi, na kwamba nchi yenye shida kubwa yahitaji vitabu vya mambo makubwa. Historia ya kusini yenyewe yatoa jibu. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi wa Masasi na Newala walihamishwa kutoka makao yao yaliyotawanyika wakakusanywa vijijini. Zilikuwapo sababu zilizotajwa, na baadhi yake zilikuwa njema: shule, zahanati, maji. Lakini mikorosho haikuhama. Ilibaki mbali na wenye nayo, ikamezwa na vichaka, na pamoja na bei ndogo na ugonjwa wa ubwiri unga, mavuno ya nchi yalianguka kutoka tani 145,000 hivi za msimu wa 1973/74 hata kufikia chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Hesabu hizo zimeandikwa. Kilichokosa kuandikwa ni kivuli cha mkorosho ulio karibu na nyumba: jamvi lililotandikwa hapo, mtoto aliyelala hapo, maneno ya jioni yaliyozungumzwa hapo. Mchumi aweza kuhesabu tani zilizopotea. Kivuli kilichopotea hakina mhasibu isipokuwa mwandishi, na kama mwandishi naye alikidharau, basi kimepotea mara mbili.

Baadaye mikorosho ilifufuka, na leo ndiyo uti wa mgongo wa mapato ya mkulima wa kusini. Mabati yamechukua mahali pa makuti na nyasi katika nyumba nyingi, simu imeingia barazani pamoja na bao, na ndoo ya plastiki imeushinda mtungi. Machipuko hayakubadilika. Miombo bado yavaa nyekundu katika ukame, mabibo bado yaanguka, watu bado hutazama mawingu. Mwandishi wa leo hana udhuru wa kusema kwamba mada imekwisha.

Yampasa basi aanze na upepo na mvua ya kwao, wala si na maua ya vitabuni. Akitaje kitu kwa jina lake la nyumbani, kisha akikae nacho mpaka kitumike, asikiache rafuni. Ayazuie mafunzo yasitangulie mbele ya harufu. Yakiwapo yatakuja yenyewe. Na kila anapoandika kikombe, aulize maji yalitoka wapi na nani aliyapandisha, kisha amwache huyo aliyeyapandisha anywe wa kwanza. Insha itakayofanya hivyo juu ya jioni moja ya Oktoba pale Lukuledi au Newala haitahitaji kuazima machipuko ya mtu yeyote.